Faili ya Nashipae Ilipofunguka Tupu

Vijana wangu, itawafika siku mtakapofungua faili ya kazi iliyowachukua miezi, nanyi mtaona jina lake juu ya skrini na chini yake weupe mtupu. Hapo mikono yenu itataka kufanya jambo. Itataka kubofya, kufunga, kufungua tena, kuzima kompyuta na kuiwasha. Nawasihi muiweke mapajani. Nilihudumia faili za namna hiyo hapa Kitengela kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hasara nyingi nilizozishuhudia zilitokana na mikono iliyoshindwa kutulia.

Nimestaafu mapema kuliko nilivyopanga, kwa kuwa macho yangu hayapatani tena na mwanga wa skrini. Sasa nafuga kuku, na alasiri huja vijana wa mtaa wetu wanaosomea kompyuta chuoni, wakaketi kwenye ngazi na kuuliza maswali. Wananiita Anti. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo huwa nayakumbuka wakishaondoka.

Kazi yenyewe haijulikani na wengi. Kila shirika linalotunza habari za watu, iwe zahanati, shule au chama cha akiba, hutakiwa kuthibitisha kwamba linazilinda. Kusema kwa mdomo hakutoshi. Kuna programu yenye maswali mengi: nani ana ufunguo wa chumba cha kumbukumbu, nani anaruhusiwa kusoma namba za vitambulisho, mfanyakazi akiondoka nywila yake hufutwa na nani. Kila swali lataka jibu, na kila jibu lataka ushahidi: picha ya mlango uliofungwa, kumbukumbu za mkutano, hati yenye sahihi. Vyote hukusanywa katika faili moja iitwayo mradi. Mkaguzi akija, huifungua faili hiyo akasoma. Sasa fikirini anafika, naye anafunguliwa ukurasa mweupe kama shuka la hospitali.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Halima, mwenye ile ofisi ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, hata nyaraka zetu zote zikanuka dawa ya kupe. Jamaa zake walikuja kutoka Garissa wakifuata biashara ya mifugo, na ndugu zake bado walikuwa wakinunua ng'ombe mnadani Bissil. Walipopita ofisini hawakukosa kumtania.

"Halima, hao ng'ombe wako wa ndani ya kompyuta wamenenepa?"

"Wamenenepa, na hawajui kiangazi ni nini," alikuwa akiwajibu bila kuinua macho.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada iliyokuwa bado inanukia wino. Akanipa faili iliyofunguka tupu, nami nikaishika mausi kama mtu aliyeitwa kuzima moto.

"Ciru," akasema, "daktari akiletewa mtoto analia, anaanza kwa kumpasua?"

"Hapana."

"Basi toa mkono kwa hiyo mausi. Kwanza tengeneza nakala. Halafu ufanye ujinga wako kwa nakala."

Sijapata kusikia mafunzo bora zaidi, wala mafupi zaidi. Faili ikifunguka tupu, ifungeni. Programu itawauliza kama mnataka kuhifadhi mabadiliko. Jibuni hapana. Anayejibu ndiyo huuandika utupu ule juu ya kazi yake mwenyewe, na hapo ndipo tatizo dogo hugeuka msiba. Mkishaifunga, inakilini, nakala muipe jina jingine na kuiweka mahali pengine. Kisha ndipo mvue viatu na kuingia.

Mara nyingi sababu huwa ndogo hadi mtu anaona haya. Mhudumu mmoja wa zahanati kule Ngong alitumiwa mradi kwa barua pepe ukiwa umefungwa pamoja na faili nyingine katika furushi moja. Akawa anaufungua humo humo ndani ya furushi, bila kuutoa kwanza. Nilimweleza kwamba hilo ni sawa na kutaka kuvaa sweta ikiwa bado ndani ya begi. Akacheka, akautoa mradi, ukajaa maneno.

Lakini ninayempenda zaidi ni karani wa shule moja ya Rongai, mama mwenye sauti nyororo, aliyenipigia simu akiwa karibu kulia.

"Madam, hakuna kitu. Nyeupe."

"Angalia juu, upande wa kushoto. Kuna mahali programu inakuuliza uonyeshwe maswali gani. Pameandikwaje?"

Akasoma polepole: "'Maswali yasiyojibiwa pekee.'"

"Na wewe umejibu mangapi?"

"Yote!"

"Basi ulitaka ikuonyeshe nini?"

Nikasikia kicheko kilichowaita walimu kutoka vyumba vingine. Mama wa watu alikuwa amemaliza kazi yake, naye akadhani ameipoteza. Nimewaza mara nyingi tangu siku ile ni wangapi kati yetu wanaolia kwa sababu hiyo.

Zipo faili ambazo hazikurudi. Stima ilipotea katikati ya kuhifadhi, au mtu akachomoa flashi mapema kwa sababu alikuwa akikimbilia gari. Njia ya kulijua hilo ni kuangalia uzito wa faili kabla ya kuahidi lolote. Kompyuta huandika ukubwa wa kila faili, nao hausemi uongo: yenye picha na nyaraka huwa nzito hata inapojificha, na iliyokufa huwa nyepesi. Mkikuta ni nyepesi, msimpe mwenyewe matumaini ya uongo. Mwambieni ukweli, mkiwa mmeketi, kisha mumsaidie kuanza upya siku hiyo hiyo. Bi. Halima alikuwa akiagiza chai kwanza. Chai ikionekana inapanda ngazi, wateja wa zamani walijua habari zao si njema.

Miaka ya baadaye kazi ilibadilika. Zamani watu walituletea kompyuta zikiwa zimefungwa kwa leso. Baadaye tukaweza kuingia ndani ya kompyuta ya mtu kwa mtandao, tukiwa tumeketi Kitengela, naye akaona kishale kikitembea chenyewe kama kimepagawa. Ni jambo zuri na huokoa muda. Hata hivyo ninamshukuru Mungu kwamba kwa faili ya Nashipae sikufanya hivyo.

Nashipae alikuwa karani wa ushirika wa maziwa ulio mbele ya Kajiado, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Wanachama wengi walikuwa wanawake walioleta maziwa kila asubuhi, na ushirika ulitunza namba zao za vitambulisho na za simu. Mnunuzi mkubwa wa Nairobi alikataa kutia sahihi hadi mkaguzi wake athibitishe kwamba habari hizo ziko salama. Nashipae, aliyekuwa kibarua wa muda, ndiye aliyepewa mradi huo. Meneja, Mzee Parsaloi, alimwahidi ajira ya kudumu mradi ukipita. Alifanya kazi akiwa mjamzito hadi karibu na kujifungua, akasema amemaliza, akaenda likizo ya uzazi. Aliporudi alifungua faili yake. Ndipo akanipigia simu.

"Madam, ni Nashipae wa maziwa. Ile faili inafunguka lakini ndani hakuna kitu."

"Jina la mradi unaliona?"

"Jina liko. Chini ni nyeupe tu. Mkaguzi anakuja kesho kutwa, Mzee ameniambia nianze upya. Nimejaza maswali kidogo, nilikuwa karibu kusevu."

"Mikono yako iko wapi sasa?"

"Kwa kibodi."

"Itoe."

"Nimetoa. Moja imeshika simu."

"Hiyo nakukubalia. Funga faili, na ikikuuliza kama usevu, kataa."

Nikasikia akibofya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegeukia ukutani, "Madam, hii kitu niliijaza. Mzee anasema labda nilisema tu nimemaliza juu nilitaka kuenda kuzaa. Amesema hivyo hata mbele ya akina mama wa maziwa. Kazi naeza tafuta ingine. Lakini hii ya kuitwa muongo, na mtoto wangu alelewe hapa hapa..."

Nilimweleza Bi. Halima, nikisema ningeweza kuingia kwa mtandao. Akavua miwani.

"Nenda mwenyewe. Kompyuta unaeza shika ukiwa hapa. Huyo msichana huwezi."

Kesho yake asubuhi nilifika ushirika. Upepo wa Kajiado ulikuwa ukipiga mabati, na uani akina mama wa mashuka mekundu walikuwa wamepanga mstari na mitungi yao, wakisubiri maziwa yapimwe. Mzee Parsaloi, mtu mrefu mwenye adabu nyingi, alinipokea mlangoni.

"Takwenya!"

"Iko!" nikaitikia, na kwa neno hilo moja la Kimaasai akatabasamu. Lakini tulipoingia ofisini tabasamu likaisha. "Madam, mimi si mtu wa kelele. Lakini jionee mwenyewe. Nimeamini mtu, na hiyo ndiyo kazi."

Nashipae alisimama kando ya dirisha, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala, na si kwa sababu ya mtoto peke yake.

Nilitengeneza nakala. Niliifungua, nayo ilikuwa nyeupe. Nikaangalia kama kuna mahali ilipoambiwa ionyeshe baadhi ya maswali tu, hapakuwapo. Nikaangalia kama programu imebadilishwa toleo, haikuwa imebadilishwa. Kisha nikaangalia uzito, na moyo wangu ukatulia.

"Mzee, sogea uone. Faili ambayo haijajazwa huwa na uzito wa karatasi moja. Hii ina uzito wa gunia."

Akainama, akaitazama ile namba kwa muda mrefu. "Sasa huo mzigo uko wapi?"

"Uko humo ndani. Bado sijui kwa nini haujitoi. Lakini kuna mtu aliyeupakia."

Nashipae aligeukia dirishani na kujipangusa uso kwa ncha ya leso.

Vijana wangu, mkifika mahali hapo, ambapo mnajua kwamba kitu kipo na hamjui kimejificha wapi, acheni kompyuta mmuulize mtu. Muulizeni swali moja tu: ni nini kimebadilika tangu siku uliyoiona faili ikiwa nzima? Nilimuuliza. Akafikiri kweli kweli.

"Kiti ni kile kile. Kompyuta ni ile ile. Hakuna kitu imebadilika, Madam. Ni mimi tu nimezaa."

"Hilo kompyuta hailijui," nikasema.

Ulikuwa wakati wa mtoto kunyonya, na mtoto alikuwa nyumbani na nyanyake. Blauzi ikawa imelowa mahali pawili. Akatoka kwenda kujikamua, na alipopita uani nikamsikia mama mmoja mzee, mwenye shanga hadi mabegani, akimpigia kelele kutoka kwenye mstari:

"Ngoto Lemayian! Na yako pia imefika? Ingia laini tupime kwa mashine!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Hiyo haina maji, muandikie bei ya juu!" Nashipae mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akifunika kifua na kukimbia.

Nami nikabaki nimekodolea macho kona ya juu ya skrini, mahali ambapo programu huandika jina la mtu aliyeingia. Nilikuwa nimeliona jina hilo tangu asubuhi, nikadhani ni la mfanyakazi mwingine aliyeiacha kompyuta wazi. Lilikuwa Ngoto Lemayian.

"Mzee," nikauliza, "huyu ni nani?"

Uso wake ukang'aa. "Ni yeye. Maana yake ni mama ya Lemayian. Sasa ni mama, Madam. Mimi siwezi endelea kumwita jina la utoto kama mtoto wa shule. Kabla arudi, nilimfungulia akaunti mpya kwa mkono wangu, ile ya zamani nikaifunga. Nilitaka siku ya kwanza akiwasha kompyuta aone ofisi inamheshimu."

"Naye alionaje?"

"Alifurahi mpaka akalia." Akaitazama skrini. "Halafu akafungua faili."

Nilivuta kiti, nikamwomba aketi. Chai haikuwapo, lakini nilizungumza polepole kama alivyokuwa akifanya Bi. Halima. Nilimweleza kwamba mradi ule una mwenyewe, naye ni Nashipae. Mtu mwingine akiufungua, programu haimwambii kwamba hana ruhusa. Walioitengeneza waliona ni salama zaidi mgeni asijue hata kama kuna kitu cha kufichwa. Kwa hiyo humwonyesha jina la nje na ukurasa mweupe. Kwetu sisi Nashipae na Ngoto Lemayian wamekaa kwenye kiti kimoja na kunyonyesha mtoto mmoja. Kwa programu ni watu wawili, na wa pili ni mgeni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni mimi?"

"Ni heshima yako, Mzee. Programu haikufundishwa."

Nashipae aliporudi alimkuta meneja wake amesimama. Mzee Parsaloi hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa maneno mengi. Alimwonyesha skrini, akasema kwamba ili kuifungua ile akaunti ya zamani lazima aandike lile jina, naye alikuwa ameshaliacha.

"Utaniruhusu?"

"Ruhusa, Mzee," akajibu Nashipae.

Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama mtu anayehesabu mbuzi akiogopa kumruka mmoja. Akaunti ikafunguka. Nashipae akaingiza nywila yake, akafungua mradi, na skrini ikajaa: maswali, majibu, sahihi, picha, hadi chini kabisa.

Picha ya mwisho ilikuwa ushahidi wa kamera ya usalama iliyowekwa juu ya tangi la maziwa. Tangi lile ni la chuma kinachong'aa kama kioo, na aliyepiga picha alionekana humo: mwanamke mfupi, amenyanyua simu kwa mikono yote miwili, tumbo limetangulia mbele yake na kulijaza tangi zima. Mzee Parsaloi akaisogelea.

"Huyu hapa ndani ni Lemayian?"

"Ni yeye."

"Basi naye alikuwa kazini," akasema. Akatoka nje haraka, akisema anaangalia kama mashine ya kupima inafanya kazi.

Nilibaki na Nashipae kuzipanga zile akaunti. Lishikeni hili, kwa maana linatokea mahali pote ambapo watu hubadilisha majina, kwa ndoa, kwa ubatizo au kwa uzazi: kabla ya kuifunga akaunti ya zamani, hamisheni kwanza kila mradi alio nao mwenyewe, kisha muingie kwa akaunti mpya mhakikishe kwamba mnaiona kazi yake. Nilimuuliza kama tuuhamishe mradi uende kwa jina jipya. Akafikiri akitazama nje.

"Uache kwa Nashipae, Anti. Yeye ndiye aliifanya. Huyu Ngoto Lemayian umpe ruhusa ya kuingia tu."

Nikafanya hivyo, nikaacha nakala mahali pawili.

Mkataba wake wa kudumu aliutia sahihi baada ya ukaguzi, na ninasikia siku hizi ndiye anayefundisha makarani wapya. Lakini nataka niwaeleze siku yenyewe ya ukaguzi, kwa kuwa Bi. Halima alinirudisha kule niwe karibu, kama kuna la kutokea.

Mkaguzi alikuwa kijana wa Nairobi, mkavu, asiyepoteza neno. Akaufungua mradi, akasoma ukurasa wa kwanza, akamtazama Nashipae, kisha kibao cha jina kilichokuwa mezani pake.

"Aliyetayarisha ni Nashipae. Wewe umeandikwa Ngoto Lemayian. Huyu Nashipae aliacha kazi?"

Nashipae alifungua mdomo kujibu, lakini Mzee Parsaloi alikuwa ameshainuka. Alikwenda mlangoni, akaufungua wote, hata mazungumzo ya uani yakakatika na akina mama wa mstari wakageuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi barabarani:

"Hakuacha kazi. Alienda kuzaa. Ni huyu hapa. Kazi yote ni yake, aliimaliza kabla aende, na mimi niliyesema hakumaliza nilikosea."

Hakuna aliyecheka. Yule mama mzee mwenye shanga akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema "Sidai," yaani vyema, kama mtu aliyepimiwa maziwa yake vizuri.

Nashipae akavuta kiti chake, akaketi mbele ya kompyuta, akaisogeza skrini kidogo ili mkaguzi aone vizuri.

"Tuanze na mlango wa chumba cha kumbukumbu," akamwambia.